Safari Mbili za Angel

Ketrina anauza maharage Nakonde, upande wa Zambia. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili anavuka mpaka kutoka Tunduma na mzigo wake, jioni anarudi. Kwa miaka ishirini hajapunjwa kwenye mizani hata mara moja, maana hamwamini mtu.

Hali hiyo aliisababisha kaka yake, Mbonile, aliyeaga nyumbani kwao Itaka akisema anakwenda Afrika Kusini. Miaka tisa alipiga simu akisimulia habari za Johannesburg, mpaka siku Ketrina alipomkuta sokoni Kasama, Zambia hiyohiyo, akiuza viatu vya mitumba, ana mke na watoto wanne.

Kwa hiyo Angel, binti yake wa pekee, alipopata nafasi ya kusomea udaktari Guangzhou, China, Ketrina aliomba nakala ya tiketi akaihifadhi ndani ya Biblia. Ndege iliondoka Dar es Salaam saa tano asubuhi, ikafika saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili. Saa kumi na sita. Akaridhika kwamba mtoto amekwenda mbali kweli.

Baada ya miaka mitatu Angel akaja likizo. Ketrina akachambua nguo zake za kufua, akakuta tiketi ya kurudi kwenye mfuko wa jinzi. Kuondoka Guangzhou saa kumi jioni, kufika Dar saa nne usiku, siku hiyohiyo. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Saa sita!

Siku mbili alimtega binti yake kwa maswali: mvua za huko hunyesha mwezi gani, wali wao ukoje. Angel alijibu yote, na Ketrina akaona anajibu haraka mno.

Siku ya tatu akaziweka tiketi zote mbili mezani.

"Kwenda saa kumi na sita, kurudi sita. Umetokea wapi, Angel? Lusaka?"

Angel alicheka, kisha akamtazama mama yake usoni, akaacha.

"Mama, ukivuka Nakonde, saa zao zikoje?"

"Ziko nyuma saa moja. Nani hajui?"

"Za China ziko mbele saa tano. Tiketi inaandika saa za kila mji. Kwenda, toa tano. Kurudi, ongeza tano."

Ketrina akahesabu. Kumi na moja. Na kumi na moja.

Angel akanyoosha mkono achukue tiketi, lakini mama yake akaziwahi.

"Saa kumi na moja tu? Basi la kutoka hapa mpaka Dar linazidi hizo. Mbona miaka mitatu unaniambia ni mbali, huwezi kuja?"

Angel akainamisha kichwa.

"Nilifeli mwaka wa kwanza, Mama. Ikabidi niurudie. Niliogopa ukiniona tu utajua."

"Na sasa?"

"Nimemaliza wa pili. Nimefaulu."

"Nionyeshe."

Angel akafungua matokeo kwenye simu. Ketrina akaichukua, akaenda nayo kwa jirani yao, Mwalimu Amoni, akasomewa somo mojamoja, alama kwa alama. Aliporudi alisonga ugali, akapakua, akamsogezea binti yake paja la kuku.

"Kula," akasema. "Na likizo ijayo uje, hata ukifeli."