Njia ya Kutoka Uwanjani

Mume wangu alikwenda kutazama mpira Jumapili moja alasiri na hakurudi. Uwanja tuliouzoea huku Eastlands ulikuwa umefungwa ukifanyiwa ukarabati, na timu yake ilikuwa inachezea upande wa pili wa jiji. Mechi ilipokwisha, magari yalikuwa machache na nauli imepandishwa. Wenzake walibaki stejini wakisubiri gari. Yeye aliwaambia atatangulia kwa miguu hadi mjini, apate huko gari la kumleta Tassia tunakoishi. Walimwona akishika njia ya kando ya barabara kuu, amevaa jezi yake ya kijani. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Nilimtafuta kama watu wanavyotafuta: polisi, hospitalini, mochari. Nilizoea kufunuliwa nyuso za watoto wa wenyewe, nikashukuru kwamba si yeye, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Mama mkwe wangu alipanda basi kutoka Kakamega akaja na kibegi cha nguo za siku chache. Hakuondoka tena. Wazee wa ukoo walipopiga simu wakishauri uzikwe mgomba badala ya mwili, mambo yaishe, aliwajibu kwa upole kwamba hawezi kumzika mtu ambaye bado yuko njiani.

Tuliishi hivyo, wafiwa wawili ambao hawakukubali kuitwa wafiwa. Asubuhi nilikwenda kibandani kwangu mtaa wa Pipeline kushona, yeye akabaki nyumbani. Jioni tulikula pamoja. Mlango wetu ulikuwa na komeo, lakini hakuniruhusu kulifunga mpaka wakati wa kulala, na hata hapo nilimsikia akiinuka kwenda kulifungua.

Kisha likaja tangazo kwamba jiji lingejenga uwanja mpya, na wakaazi wakaitwa kwenye ukumbi wa kanisa Donholm watoe maoni. Nilidhani mama mkwe hatajali. Nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani, ananingoja.

Maafisa walikuwa wamebandika ramani ukutani. Mahali palipopendekezwa palikuwa pawili. Mahali pamoja palikuwa nje kabisa ya jiji, penye nafasi ya kuegesha magari mengi. Mahali pa pili palikuwa kiwanja kikavu karibu na reli, ng'ambo kidogo ya barabara ya Outer Ring. Msichana mmoja kutoka ofisini alizunguka na kipaza sauti akiuliza kila mtu anaishi wapi na angerudi vipi nyumbani baada ya mechi. Wenye magari walitaka kule nje. Vijana walitaka karibu. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba uwanja ukiwa karibu wahuni watampigia mawe madirisha, na wengi wakamuunga mkono.  Mimi sikutaka uwanja wowote, mahali popote.

Mama mkwe akainua mkono.

"Mimi sijui mpira," alisema. "Mwanangu ndiye aliyeujua. Alienda kuutazama mbali, akaanza kurudi kwa miguu. Hajafika."

 Yule msichana, ambaye nadhani hakuelewa, alimuuliza kwa heshima anachagua wapi kati ya pawili.

"Pale ambapo mtu akitoka akitembea, anafika kwake."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira. Miaka ilikuwa imepita, na yeye alikuwa amesimama mbele ya watu akimzungumzia kana kwamba mume wangu angali anapiga hatua mahali fulani, anachelewa tu. Lakini usiku huo mimi pia sikufunga komeo.

Walichagua kiwanja cha karibu na reli. Sisemi ni kwa sababu yake. Wengi walisema kama yeye kwa maneno mengine. Ujenzi ulichukua muda mrefu. Vumbi liliingia mpaka kwenye unga. Taa zilipowekwa zikajaribiwa, mwanga wake ulifika gorofa yetu ya nne ukakaa kwenye ukuta wa sebule, mweupe, kama mtu amesahau kuzima kitu.

Siku ya mechi ya kwanza mama mkwe alipika kuku, akachemsha chai, akaweka kiti cha plastiki kwenye roshani. Kelele za uwanjani zilitufikia zikipanda na kushuka. Zilipokoma, nikatoka nami nikasimama nyuma yake. Kwa muda barabara ilikuwa tupu. Kisha wakaanza kupita.

Hakuna aliyekuwa amenitayarisha. Wanaume mamia kwa mamia, wote wamevaa jezi ya kijani, wote kwa miguu, wote wanarudi nyumbani. Walipita chini ya dirisha letu wakicheka na kubishana, na mmoja wao alikuwa ameinamisha bega la kushoto, mkono ndani ya mfuko wa nyuma, kama alivyotembea mume wangu alipochoka.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka nilimshika mkono karibu na kibanda cha chipsi, akageuka. Alikuwa kijana tu, mwenye uso ambao sijawahi kuuona.

"Kuna shida, siste?"

Nilimwambia nimemfananisha. Akaniuliza na nani. Niliuachia mkono wake. Aliniangalia kidogo, akaniomba radhi, ingawa hakuwa amenikosea chochote, akawakimbilia wenzake.

Baada ya hapo nilimwambia mama mkwe tuhame, twende mahali tusipoona watu hawa wakipita. Alisema niende, nisijali, ila nimwachie ufunguo. Sikwenda. Siku za mechi nilikawia kibandani kwa makusudi, nikishona nguo ambazo hazikuwa na haraka, hadi barabara iishiwe na watu.

Jumapili moja nilimkuta ameketi jikoni, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Aliniambia kwamba amemwona akipita.

"Nani, Mama?"

"Yeye. Alikuwa ng'ambo ya barabara. Amekonda, lakini ni mzima."

Nilimuuliza kwa nini hakumwita. 

"Alikuwa anazungumza na wenzake," alisema. "Sikutaka kumkatiza."

Alinimiminia chai. Nilitaka kumwambia kwamba macho yake hayaoni mbali siku hizi, kwamba hata mimi nilidanganyika. Nilikunywa chai. 

Mechi iliyofuata nilifunga kibanda mapema. Nilitoa kiti cha pili kwenye roshani, nikakiweka kando ya chake, tukasubiri kelele zikome.