Beringi Iliyong'arishwa kwa Ajili ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya meli, Mwanza, nilitoka Kisesa nimevaa sare ya shule, maana nguo nyingine ya heshima sikuwa nayo. Kwa haya, hata shikamoo yangu haikusikika. Fundi Mkuu akaniambia, "Binti, hapa chuma ndicho kinachoongea. Wewe sikiliza tu."

Kazi yangu ilikuwa kupima beringi za injini, vikalio ambamo mhimili huzunguka, bila kuziharibu. Beringi ilikuwa na mgongo wa chuma na tumbo la metali nyeupe, laini, iliyomiminwa juu yake ikiwa ya moto. Chuma na metali visiposhikana vizuri, jicho halioni. Tuliilowesha beringi mafuta ya taa, tukaifuta, tukaipaka chokaa. Penye kasoro mafuta yalirudi juu yakachora mstari. Na desturi yetu ilikuwa hii: aliyepima hupanda meli safari ya kwanza baada ya matengenezo.

Siku moja beringi moja ikachora mstari. Nikaiacha na chokaa yake, ndiyo ilikuwa alama ya kuikataa, nikatumwa stesheni kufuata vifaa. Kumbe wageni wa wizara walikuwa njiani, na Meneja wa karakana ameagiza kila kitu king'arishwe. Niliporudi, beringi zote zilikuwa zimefutwa, zimefungwa kwenye injini, na meli inaondoka kesho.

Nikamweleza Meneja mbele ya wageni. Akacheka kidogo, akauliza ushahidi uko wapi. Sikuwa nao.

"Basi kesho utapanda, kama desturi."

"Sipandi, ndugu Meneja."

Neno hilo halikuwahi kusemwa pale. Fundi Mkuu akaweka spana chini.

"Kama aliyepima hapandi, mimi siwashi injini."

Mafundi wakaifungua injini. Fundi Mkuu akapitisha ukucha pembeni mwa beringi moja, na metali ikabanduka kiganjani mwake kama ukoko wa ugali. Meneja akakaa sakafuni, kwenye oili, na suruali yake nyeupe.

Jioni nilipita gatini. Abiria wa Bukoba walikuwa wamekalia magunia yao. Mama mmoja akanisonya, akasema sisi wa karakana tunachelewesha watu kwa uvivu. Nilitaka kumweleza, haya zikanifunga mdomo.

Sasa nimestaafu. Vijana wanapima, kwa mashine zinazopenyeza mawimbi ya sauti ndani, metali zilizochanganywa na punje ngumu, ambazo sisi hatukuziota. Huniuliza kama nilipewa shukrani. Mimi humfikiria yule mama: alifika Bukoba amechelewa, amenuna, mzima.