Uyoga wa Chini ya Mipaini

Kwetu Myanga, uyoga wa kuliwa huota kwenye kichuguu. Kofia yake ina ncha katikati, na shina hushuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye nyumba ya mchwa. Mama alinifundisha kuuchimbua polepole kwa kijiti. Ukitoka bila mzizi huo, tupa.

Nilijua hayo yote, na bado niliukata kwa panga. Ilikuwa miaka ya mapigano mlimani, nami nililima kando ya msitu wa mipaini nje ya Kitale. Unga ulikuwa umeisha. Mvua iliponyesha, uyoga mweupe ulijaa chini ya miti. Hapakuwa na kichuguu hata kimoja. Nikajaza sufuria.

Shemeji, kaka ya mke wangu, alikuwa amekimbilia kwetu kutoka Kapsokwony, kule mlimani, baada ya nyumba yake kuchomwa. Sikumpenda. Siku hizo kila mtu wa mlimani nilimwona adui.

Nilitoka kuleta kuni. Niliporudi jikoni, nilimkuta amemkaba binti yangu mdogo, vidole amevizamisha kooni. Mtoto alirusha miguu, akamng'ata hadi damu. Sikuuliza. Nilimpiga shemeji mkononi kwa ukuni, nikarudia, nikausikia mfupa ukivunjika. Alipiga kelele lakini hakumwachilia mpaka mtoto alipotapika vipande vyeupe.

"Ameonja mchuzi wako," akasema, akihema. "Mzizi wa huu uyoga uko wapi, bana? Umeutoa wapi?"

"Chini ya mipaini."

"Ati mipaini! Mchwa wa kwenu siku hizi wanajenga kwa mipaini?" Akaipiga sufuria teke, mchuzi ukazima moto.

Tukikimbilia hospitali, nilichimbua mmoja kando ya njia. Shina lilikuwa fupi, na chini yake mfuko kama ganda la yai.

Nesi alimlaza mtoto, kisha akamgeukia shemeji. "Na wewe, nani amekuvunja mkono?"

"Si umuulize huyu fundi wa uyoga."

"Ni mimi," nikasema.

Mtoto alipona. Siku ya kuruhusiwa nilinyoosha mikono nimbebe. Alirudi nyuma, akajificha kwa mjomba wake, yule yule aliyemkaba. Shemeji hakunitazama. Aliinama, akambeba kwa mkono mzima.