Kitambaa Kilichokataa Kulala

Mama wa mchumba wangu, anayeishi Korogwe, ana meza ya duara sebuleni, na mimi kwa kimbelembele changu nikasema nitaifumia kitambaa. Hakuna aliyeniomba. Nafundisha hesabu darasa la sita huku Handeni. Kroshia nilijifunza kwenye simu, lakini nilijiambia mwalimu hashindwi na uzi.

Unaanzia katikati, unazunguka. Kila mzunguko unaongeza mishono, kiasi kilekile, ndipo duara linalala. Mimi niliogopa ukingo usije ukabana, nikawa naongeza tu.

Siku ya kutambulishwa, mama mkwe alikitandaza mbele ya mashangazi wa mchumba wangu. Upande mmoja ukalala, wa pili ukainuka. Akakandamiza ule, ukainuka huu. Ukingo mzima ulijikunja kama jani la sukumawiki.

“Mwalimu, hiki hakitaki kulala,” shangazi mmoja akasema. “Hakijaona pasi?”

“Kimeona, shangazi. Mikunjo inahama tu.”

Hapo ningenyamaza. Nikaanza kufundisha. Nikawaeleza kwamba kwenye meza bapa mzingo ni kipenyo mara tatu na kidogo, basi. Chora duara juu ya mpira, upime kipenyo kwa uzi uliolala juu yake, mzingo haufiki hapo, kwa sababu mpira umepinda. Changu kimepinda kinyume cha mpira: mzingo umezidi, meza haina pa kuuweka, na pasi haipunguzi mishono. Wakaitikia, “Ehee, mwalimu,” kwa adabu kabisa. Adabu ile ilinichoma kuliko kama wangecheka.

Mama mkwe alikuwa bado ameweka kiganja juu ya kitambaa.

“Kwa hiyo ulikuwa unajua?”

“Ndiyo, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu kikiwa kama kisahani cha chai.”

“Na ukaendelea.”

Nikasema niliona aibu kuanza upya. Mchumba wangu alikuwa akiikodolea macho simu iliyozimika. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akalitafuta fundo la mwisho, akalifungua kwa kucha. Kitambaa akanirudishia, ncha ya uzi akabaki nayo.

“Fumua, mwanangu. Mimi nazungusha.”

Nikafumua mbele yao wote, kichwa chini, na donge la uzi likazidi kukua mikononi mwake. Chai ikaletwa, ikapoa. Hakuna aliyeniambia basi, inatosha.