Kikohozi cha Tatu

Nyuma ya shule ninayofundisha hapa Masasi kuna kilima cha mawe, na kilima kile kina wenyewe. Ni nyani. Kengele ya mapumziko ikilia, nao hushuka kuja kuangalia kilichoanguka. Wanafunzi wangu hunitania: "Mwalimu, ndugu zako hao." Somo langu ni baiolojia, na kila mwaka inanibidi nirudie kwamba nyani si babu yetu. Ni ndugu wa mbali tu, tuliachana naye njiani zamani mno. Nimewatazama miaka tisa sasa, na sioni haya kusema kwamba nawapenda.

Ninachopenda zaidi ni watoto wao wanavyocheza. Mmoja humvizia mwenzake, humrukia, humshika shingo kwa meno. Ukiwa mgeni utadhani anamuua. Lakini tazama mdomo: umeachama, umelegea, meno hayakazwi. Ule mdomo unatoa taarifa mapema kwamba huu ni mchezo, na mwenzake anaamini, anaiacha shingo yake pale pale. Shingo, jamani! Mambo hayo nilikuwa nayafundisha kwa mbwembwe zote, na siku nilipotakiwa kuyaelewa mimi mwenyewe nilifeli vibaya.

Baba alifariki mwaka juzi kijijini kwetu Mnyambe, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na mtani wake, bibi mmoja wa Kiyao anayeuza mbaazi soko la Masasi. Ukoo wake na wetu sisi Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu, na wao wawili walitukanana kwa raha zao tangu ujana. Bibi alimwita baba mla panya. Baba alimjibu kwamba Wayao walifika Masasi kuuliza njia tu, wakasahau kuondoka. Mimi nilisomea mbali, shule za bweni kisha chuo, na utani wa msibani nilikuwa naujua kwa kusimuliwa tu.

Siku ya tatu ya matanga, bibi yule aliingia chumbani akatoka amevaa koti la kahawia la baba na barakashia yake, jembe begani. Akauzunguka ua kwa mwendo wa baba, goti la kushoto likichelewa, huku anakohoa. "Uji wangu uko wapi? Mmenizika na njaa!" Wanawake wakaangua kicheko. Mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mazishi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nikapandwa na hasira. Niliinuka nikamkamata bibi wa watu kola.

"Vua koti la baba yangu! Huna hata haya?"

Bibi akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkeka pamoja na barakashia, akaondoka kwenda kusubiri basi la Masasi. Mama akanigeukia.

"Nani aliyekufundisha kumkasirikia mtani msibani?" akasema. "Sasa arobaini ya baba yako nani ataichangamsha? Yule asipokuja, mimi sipiki."

Nilirudi kazini, koti na barakashia ya baba nikiwa nimevitia mkobani, na jioni ya kwanza nikaenda sokoni kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo? Kazi zinaendelea?"

Hapo nikajua nimeharibu kweli. Tangu nizaliwe, bibi yule hakuwahi kunijibu kwa heshima. Alikuwa akiniita binti wa mla panya, kichwa kinu. Nikaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka kama ya barua ya kiofisi. "Yamekwisha, mwalimu," akasema, akaendelea kupepeta mbaazi zake. Nilitembea kurudi nyumbani nikijua hayajakwisha, na siku za arobaini zilikuwa zinakatika.

Wiki iliyofuata, nyani wawili wadogo walikuwa wakicheza juu ya mwamba, mmoja akazidisha, akakaza meno. Mwenzake akapiga yowe, akakimbia kukaa peke yake, mgongo kaugeuza. Nikaacha madaftari nikatazama. Yule mkosaji alingoja kidogo, kisha akasogea taratibu, akichezesha midomo harakaharaka, akajilaza chali mbele ya mwenzake, shingo wazi. Alijitoa naye aumwe. Punde wakawa wanabiringishana tena. Mimi nilibaki dirishani, nimeshikwa na aibu na kustaajabu kwa pamoja, maana mnyama yule hajasoma hata chekechea.

Jumamosi nikavaa koti la baba na barakashia yake, nikaingia sokoni hivyohivyo, saa tano asubuhi, wanafunzi wangu wakishuhudia. Goti la kushoto nikalichelewesha. Nilipofika kwenye meza ya bibi nikakohoa kwa nguvu.

"We Myao, bado hujaoneshwa njia ya kurudi kwenu?"

Bibi akaweka ungo chini. Akanikagua kuanzia barakashia hadi viatu.

"Hicho ni kikohozi gani? Mbuzi kameza gunia?"

"Cha baba."

"Baba yako alikohoa hivyo lini, we kichwa kinu?"

Kidogo nimkumbatie. Akanisogezea kigoda, akashika kifua chake, akaanza kunifundisha. "Anakohoa mara mbili. Anatulia. Cha tatu anageuza uso, anakimeza, hivi. Alikuwa anamficha mama yako asijue kifua kimezidi. Miaka miwili hiyo."

Alipokimeza kile cha tatu, nilimsikia baba. Nililia pale kwenye mbaazi za watu bila kujali. Likizo zote za miaka hiyo miwili nilikaa naye sebuleni na sikuwahi kukigundua. Nyani wangu huchezeana wakiwa hai, na katika miaka yote tisa sijamwona hata mmoja akimwigiza mwenzake aliyekufa. Binadamu ndiye aliyeuchukua mchezo ule wa kuuma bila kuumiza akaufikisha mpaka matangani, na huwezi kumwigiza mtu vile bila kuwa umemtazama maisha yako yote. Niliyemwita hana haya ndiye aliyemjua baba kuliko sisi sote. Ndivyo nilivyoamini siku hiyo.

Siku ya arobaini bibi alifika Mnyambe kwa basi la kwanza, akamtukana kila mtu mlangoni, akavaa koti. Akauzunguka ua. Akakohoa mara mbili, akatulia, akageuza uso, akameza.

Sauti ya mama ikatoka jikoni, kwenye moshi wa pilau.

"Hicho cha tatu usijisumbue kukimeza. Miaka yote miwili nilikuwa nakisikia."