Kanzu ya Baba Wema

Yasmini alimjua mtu kwa kola yake kabla hajamjua kwa uso. Miaka ishirini na miwili alikuwa dobi wa meli ya Kungwe, ile nyeupe inayowachukua watalii kutoka bandari ya Kigoma kwenda kuwatazama sokwe wa Mahale, huku sitaha ya chini ikibeba abiria wa vijiji vya ziwani, na katika miaka hiyo alikuwa amefua kola za mabalozi, za mapadri, za matajiri wa Bujumbura na za wazungu wasio na idadi. Kola, alisema, haijui uongo. Uso unaoshwa kwa dakika moja mbele ya kioo, lakini kola inakumbuka juma zima.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa, ubavuni mwa injini, na joto lake lingeweza kuivisha muhogo. Hakikuwa na dirisha. Ziwa lile ambalo watu walivuka bahari kuja kulipiga picha, yeye alilisikia tu likigonga bati. Lakini ukimuuliza kazi yake, hakusema yeye ni dobi. Alisema, "Mimi ndiye ninayewavisha."

Na kweli aliwavisha. Sheria ya Kungwe ilikuwa kwamba jioni, katika chumba cha kulia cha juu, hakuna mwanamume anayeketi mezani bila koti na tai, au vazi la heshima la kwao. Aliyekuja bila koti aliazimwa. Karibu na mlango palikuwa na kabati lenye makoti kumi na manne, na makoti hayo Yasmini aliyachagua mwenyewe kutoka kwenye marobota ya mitumba katika soko la Mwanga. Aliyakagua makwapa, akabadilisha vifungo, akayafua mara tatu mpaka harufu ya wenyewe wa zamani ikaondoka. Ufunguo wa kabati haukukaa ofisini. Ulikaa kwenye pindo la nguo yake, umefungwa fundo.

Jikoni waligombana juu ya sheria ile karibu kila safari. Elia, mpishi, mtoto wa wavuvi wa Kagunga, alikuwa adui yake mkubwa.

"Migebuka wangu hawaulizi nani kavaa tai," alisema huku akigeuza samaki kwenye mafuta. "Mtu jua limemchoma porini mchana kutwa, mnamkaba shingo ndipo ale. Hicho chakula au kesi?"

"Wewe unayepika na singlendi utajua nini?"

"Singlendi yangu ina jasho la halali, mama."

"Basi jasho lako libaki hapa hapa. Mezani mtu hujiheshimu, akamheshimu na aliyempikia. Ukimruhusu leo ale na kaptula, kesho atakujia na taulo."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa atakuja kama alivyozaliwa, na wewe utampakulia!"

Jikoni kote walicheka. Martini, mkuu wa wahudumu, ndiye pekee aliyejizuia. Alikuwa kijana wa Gungu, msafi, mwenye viatu vya kujitazamia, na hakupenda kuingia upande wowote. "Mimi sina maoni," alikuwa akisema. "Mimi nina karatasi."

Karatasi yenyewe ilizaliwa kwa kelele za Yasmini. Mwaka juzi mgeni mmoja alipanda kula kifua wazi, maji ya ziwa yakimchuruzika, akaketi kwenye kiti cha kitambaa ambacho Yasmini alikuwa amekifua asubuhi. Yasmini alikwenda ofisini bila kuitwa. Meneja alimsikiliza, akamuuliza ni mavazi gani hasa yakatazwe. "Kaptula," alisema Yasmini, akihesabu kwa vidole. "Kandambili. Na nguo za kulalia, maana hata hizo nimeziona." Wiki iliyofuata karatasi ilikuwa kando ya mlango, ndani ya fremu. Kila asubuhi aliifuta vumbi kioo chake. Kuisoma hakuisoma. Nani husoma maneno yake mwenyewe?

Nyumbani Ujiji alikuwa na mume, Songoro, fundi wa maboti wa Kibirizi, aliyemwita Mama Wema kwa ajili ya binti yao mmoja. Majirani walimwita Songoro "mjane wa meli", wakadhani ni utani. Wema alipoolewa, mama yake alikuwa na meli kule Kasanga, kusini mwa ziwa, anapiga pasi mashuka. Songoro alipoangukiwa na ubao akavunjika mguu, majirani ndio waliomlisha kwa siku tisa. Alikula peke yake kiasi kwamba ndani ya nyumba sahani moja ilichakaa na nyingine ikabaki mpya.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Mara moja tu, miaka mingi nyuma, alimuuliza, "Hao watu unaowavisha, wanakula nini huko juu?"

"Nitakupeleka ukaone," alimjibu Yasmini. "Siku yangu ya mwisho, mimi na wewe tutaketi pale."

Haikuwa ahadi ya hewani. Ilikuwa desturi ya Kungwe kwamba mfanyakazi anayestaafu hula chakula cha jioni chumba cha juu katika safari yake ya mwisho, pamoja na mgeni mmoja. Yasmini aliingojea siku hiyo kama watu wengine wanavyongojea kuhiji. Alijua atamkalisha Songoro kiti gani, kile cha dirishani upande wa magharibi, milima ya Kongo mbele yake. Miaka ile yote ya sahani moja, alitaka kuilipa kwa mlo mmoja.

Safari hiyo ilipokaribia, siku mbili kabla aliitoa kanzu ya Songoro sandukuni, ile aliyoozeshea binti yake, yenye taraza ya hariri shingoni. Aliifua kwa mkono. Aliitia wanga wa muhogo, mwepesi, kama inavyotiwa kanzu ya mtu mkubwa. Akaipiga pasi ya mkaa, maana pasi ya umeme, alisema, inanyoosha lakini hailainishi. Songoro alipoivaa pamoja na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, wapagazi wa bandarini walisimama kumpisha.

"Shikamoo, mzee! Leo harusi?"

"Marahaba. Leo nakwenda kula kwa mke wangu," alisema Songoro, na Yasmini hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu mguu ule uvunjike.

Saa moja jioni walipanda ngazi. Yasmini alivaa gauni la zambarau na mtandio, na kwenye pindo la mtandio lilikuwapo fundo lake la ufunguo, kwa mazoea. Martini alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Yasmini, akafurahi. Akamwona Songoro, furaha ikamshuka usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Dada Yasmini," alisema Martini polepole, "njoo pembeni kidogo."

"Sema hapa hapa. Huyu ni mume wangu."

 Martini alionyesha fremu. Yasmini akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu itundikwe akaisoma karatasi aliyokuwa akiifuta. Kaptula. Kandambili. Nguo za kulalia. Na baada ya hapo, kwa herufi zile zile: *kanzu na mavazi mengine marefu yanayofanana na hizo.*

"Nani kaandika hili?"

"Ofisi. Mgeni mmoja alilalamika kwamba mtu kaja mezani na gauni la kulalia. Ikabidi wafafanue."

"Martini. Wewe umezaliwa Gungu. Hujui kanzu?"

"Naijua, dada. Babu yangu mzaa mama amezikwa Ujiji hapo, watu mia wenye kanzu wamembeba. Mimi naijua. Karatasi haiijui."

Hivyo ndivyo inavyokwenda. Vazi analovaa mtu kumwomba Mungu wake, kumwoza mwanawe na kumsindikiza jirani yake kaburini, mgeni wa siku tatu analiita la kulalia, na wenye nchi wanachukua kalamu kumwandikia. Halafu wanamtafuta mtoto wa Gungu, mwenye viatu vinavyong'aa, wamsimamishe mlangoni ailinde kalamu hiyo.

"Kuna makoti," Martini aliharakisha, kwa huruma ya kweli. "Ya kwako mwenyewe, dada, ufunguo unao. Na suruali nitamtafutia kwa wahudumu. Dakika tano tu, mzee anaingia."

Yasmini aliushika ufunguo. Baadaye ndilo jambo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliushika. Alikwisha kufungua kabati, na koti la kijivu lilikuwa mkononi, lile zuri, lenye bitana ya samawati, kabla hajageuka na kuuona uso wa mumewe.

Songoro alilitazama koti. "La nani hili?"

"La meli."

"Kabla ya meli lilikuwa la nani?"

Yasmini aliligeuza koti mkononi. La mtu fulani wa ng'ambo, labda aliye hai, labda aliyekufa na watoto wake wakalitoa sadaka. Limefungwa kwenye robota, limekanyagwa bandarini, limepigiwa kelele sokoni Mwanga. Hilo ndilo lililokuwa na heshima ya kuketi dirishani.

"Kwa hiyo niivue hii uliyoipiga pasi juzi," alisema Songoro, "nivae hilo?"

"Ni kwa saa moja tu, Baba Wema."

"Ingia wewe ule. Siku ni yako." Hakupandisha sauti. "Mimi kula bila wewe nimeshazoea."

Akageuka, akashika reli ya ngazi, akashuka akiuvuta mguu wake.

Hapo angemfuata. Mtu akiisimulia habari hii, kila msikilizaji husema angemfuata. Lakini Martini alikwisha kumvutia kiti, kile kile cha dirishani, na juu ya meza palikuwa na kadi yenye jina lake, na vitambaa alivyovikunja mwenyewe mchana, na miaka ishirini na miwili ya chumba kisicho na dirisha ilikuwa nyuma ya magoti yake ikimsukuma. Yasmini akaketi. Akaliona ziwa. Supu ikaja, akainywa vijiko vitatu, na haikuwa na ladha yoyote.

Akiwa katika kijiko cha nne aliingia mgeni wa chumba namba moja, mwanamume mnene, mwekundu kwa jua, na kaptula yenye mifuko mingi. Miguuni alikuwa na kandambili. Martini alimwonyesha kabati kwa adabu. Mgeni alicheka, akampiga begani, akasema kwamba yeye yuko likizo. Martini naye akacheka. Akampisha. Mtu yule akapita chini ya fremu, akavuta kiti meza ya pili kutoka ya Yasmini, na kandambili zake zikapiga sakafu pa, pa, pa.

Yasmini alisimama.

"Martini! Na huyu?"

"Dada, tafadhali, taratibu..."

"Kaptula naiona. Kandambili naisikia. Karatasi imelala?"

"Huyu kachukua chumba namba moja kwa wiki mbili," alinong'ona Martini. "Ukimkera huyu, mimi kesho nipo nyumbani Gungu. Kaa chini, Dada Yasmini. Naomba ukae."

Elia alikuwa amechungulia kutoka dirisha la jikoni, mwiko mkononi. Mtu aliyembishia miaka yote hakupata hata neno moja la utani. Aliinamisha macho, na hilo lilimchoma Yasmini kuliko kucheka.

Akashuka ngazi. Sitaha ya chini ilijaa abiria wa vijijini, na magunia, na kuku, na madumu ya mawese. Alimkuta Songoro ameketi kwenye mkeka wa Honorata, mama mmoja wa Simbo aliyekuwa akipeleka mawese Kalya kuuza. Kati yao palikuwa na sinia. Watu walikuwa wakicheka, na Songoro alikuwa katikati ya kicheko hicho, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni. Huku chini hakuna aliyemuuliza amevaa nini. Walimwona mzee mwenye kanzu wakampa nafasi, basi.

"Karibu, mama," alisema Honorata, akasogea. "Ndiye mwenyewe, mzee?"

"Ndiye," alisema Songoro. Akalitazama sinia. Kulikuwa na makombo ya ugali wa muhogo na vichwa viwili vya dagaa. "Umechelewa, Mama Wema. Chakula kimekwisha."

Yasmini akaketi ukingoni mwa mkeka. Ndipo akaliona kifuani mwa kanzu, chini kidogo ya taraza: tone la mawese, jekundu, likisambaa katika nyuzi. Mkono ukamtangulia. Alikwisha kulowesha pindo la mtandio kwa mate na kulifikisha pale kabla Songoro hajamshika kiganja.

"Liache."

"Likikauka halitoki."

"Najua. Liache."

Juu ngazini zilisikika hatua, na Martini akainama, kijasho kikimtoka. "Dada Yasmini! Samahani sana. Kuna mgeni anataka koti, na ufunguo umeondoka nao."

Magoti yake yaliinuka yenyewe, kama yalivyoinuka kila alipoitwa kwa miaka ishirini na miwili. Yalifika nusu. Songoro aliuachia mkono wake, akayageuza macho kuelekea ziwani, kama mtu aliyekwisha kuijua habari itakavyokwisha.

Yasmini akarudi chini. Akalifungua fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza, akautupa ufunguo ukaanguka kwenye ngazi karibu na viatu vinavyong'aa.

"Wavishe wewe," alisema.

Martini aliuokota, akapanda. Yasmini akangoja. Alidhani sasa Songoro atageuka amtazame. Aliendelea kungoja mpaka Honorata akaliondoa sinia, na Songoro hakugeuka.