Kiu ya Kishingo

Mama alipokuja kukaa kwangu Somanda ili awe karibu na kliniki ya presha, alishuka na mfuko wa nguo, mto wake wa pamba, na kuku. Nikamwambia, "Mama, kuku wa nini? Hapa mayai tunanunua." Akanijibu kwa Kisukuma kwamba hakuja kula mayai. Huko kwake Kiloleli yule kuku, kishingo mweusi asiye na manyoya shingoni, ndiye aliyekuwa anamfuata kutoka jikoni mpaka shambani, na mama hakuona sababu ya kumwacha peke yake. Tukamfunga nyuma ya jiko. Wahenga walishasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Wiki chache baadaye kishingo akaanza kunywa maji. Sisemi kudonoa mara mbili na kuinua kichwa kama kuku wa watu. Alikuwa anamaliza kopo, anasimama, anaharisha maji matupu, anarudi kwenye kopo. Mbawa zikalegea, kilemba kikapauka. Akawa anasinzia jua likiwa limewaka.

Jirani yangu, mhasibu aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, anafuga kuku wa mayai upande wa pili wa ukuta. Akachungulia, mswaki mdomoni.

"Dada, hicho ni kideri. Chinja leo mnywe supu, kabla hajaniulia kuku wangu."

"Huyu ni wa mama, jamani."

"Basi mama apewe paja."

Mama alikuwa nyuma yangu na Kiswahili hicho alikielewa vizuri sana. Hakugombana na mtu. Alisema tu, taratibu, kwamba amekuja na kuku wake na ataondoka na kuku wake, na kama kuku atafia hapa, yeye kesho yake yuko kwake Kiloleli, kliniki au hakuna kliniki. Namjua mama. Akisema taratibu hivyo, ujue ameshafunga mzigo.

Ndiyo nikawa daktari wa kuku. Nikaponda shubiri nikamnywesha, akatema. Nikaponda pilipili, akanitazama kwa jicho moja mpaka nikaona aibu. Kwenye kundi la simu la wafugaji kila mtu alikuwa na dawa yake: majivu, kitunguu saumu, vidonge vya binadamu, sala. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji akauliza, "Anaharisha kijani au nyeupe?"

"Maji."

"Maji ya kijani au maji meupe?"

"Maji, kaka! Maji ya bombani!"

Akanipa ya wanaoharisha kijani. Haki ya Mungu, nilitamani kuinywa mwenyewe.

Na huku presha ya mama haishuki. Daktari akapima, akatikisa kichwa, akapima tena. "Anameza vizuri?" Nikamwambia namwekea mkononi mwenyewe kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Akaongeza dozi. Akatuonya kwamba hivyo vidonge vinatoa maji mwilini, mama atakwenda haja ndogo mara nyingi, tusishtuke. Mama akaitikia kwa adabu zote.

Baada ya hapo kishingo akazidi. Sasa alikuwa anakunywa amelala. Nikampigia bwana mifugo, akaja na pikipiki yake, akamgeuza kuku juu chini, akamnusa mdomo, akamminya kifuani. Halafu akatazama kuku wa jirani kule ng'ambo, wamenona, wanapiga kelele.

"Ingekuwa kideri, hawa wote wangeshalala. Huyu anakula nini ambacho wenzake hawali?"

"Viporo vya ugali. Mama ndiye anayempa."

"Basi angalia hicho kiporo," akasema, akawasha pikipiki. Nikabaki nimeshika kiuno. Niangalie kiporo! Nimekuita utibu kuku, unanipa kazi ya upelelezi!

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kazini makusudi. Nikampa mama vidonge vyake na uji, nikaaga, nikazungukia nyuma, nikasimama kando ya tangi la maji. Mama akatoka. Akachuchumaa kwa shida, magoti yake si mazuri. Akafinya tonge la ugali, akafungua kiganja kingine, akavipachika vidonge katikati kimoja kimoja kama anayeweka nyama kwenye sambusa, akamwita kuku wake. Kishingo akaja anapepesuka. Akameza.

"Mama!"

Sijawahi kumpigia mama yangu kelele namna ile. Ukutani jirani akachungulia, akajificha haraka.

"Unataka kufa? Sema! Mimi nakimbia na shubiri mji mzima, daktari anaongeza dozi, kumbe presha tunamtibu kuku!"

Mama hakuinuka. Akasema dawa ya hospitali haitupwi, ni dhambi. Na alipoona kuku anaumwa, akaona bora ampe vyote, labda vitamponya.

"Kwa nini humezi wewe?"

Akafuta ugali viganjani. Kisha akasema, "Mayu, mwanangu, nitapita mara ngapi mbele ya mkwe?"

Mlango wa chumba cha mama unatokea sebuleni, na choo kiko upande wa pili wa sebule. Katikati, tangu shule zifungwe, amekaa mume wangu, mwalimu, anasahihisha mitihani na televisheni imewashwa. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Kwao heshima ni kuamkia. Mama akifungua tu mlango, yeye anaruka kutoka kwenye kiti: "Shikamoo mama! Karibu mama! Umelalaje mama? Kaa hapa mama!" Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe heshima yao ni kupishana mbali, wasionane, na mambo ya choo ndiyo usiseme. Sasa kila mama akibanwa na mkojo, mkwe anasimama wima kumpokea kama mgeni rasmi. Alivumilia siku za mwanzo, akashindwa. Heshima mbili ndani ya nyumba moja, nusura zinizikie mama.

Nilikwenda kwanza kwa daktari nikamweleza yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akarudisha dozi ya mwanzo. Halafu nikaenda kwa mume wangu.

"Kuanzia leo usimwamkie mama."

"Nisimwamkie? Mimi? Mtu mzima kama yule nimpite kama mbuzi?"

"Usimwamkie, usisimame, usimwone. Akitoka, wewe hupo."

"Nyie Wasukuma mna mambo!" Aliumia kweli, usiku ule hata chai hakunywa. Lakini alikubali.

Kesho yake mama alimeza mbele yangu, nikamwambia afungue mdomo kama mtoto. Kabla ya saa nne mlango ukafunguka. Mume wangu akainamia mitihani, kalamu imesimama pale pale, mishipa ya shingo imemtoka, "shikamoo" imemkaa kooni. Mama akapita. Akarudi. Baadaye kidogo akapita tena.

Kishingo alipona bila dawa ya mtu. Siku tuliyorudi kutoka kliniki, presha imeshuka, daktari ametupongeza, nilimkuta mama nyuma ya jiko amemfungua kamba. Kuku anachakura kwa hasira zake zote. Mama akamtazama, akaniambia jambo kwa Kisukuma, akatabasamu, akaelekea ndani.

Mume wangu alikuwa dirishani. "Mama anasemaje? Kuku amepona?"

"Anasema siku hizi mkwe wake ameanza kuwa na adabu."

Akafungua mdomo anijibu. Nyuma yake mlango wa sebule ukalia. Akaufunga mdomo, akageukia mitihani yake, akainamisha kichwa mpaka mama alipopita.